Chumvi ya Maharage

"Hivi maji ya bahari, mtu anaweza kuyapikia maharage?"

Swali hilo aliliuliza Kasilda, jirani wa akina Kadidja, asubuhi moja akiwa ameinama kwenye bomba la mtaa na bidoni lake la njano la kuchotea maji. Fatuma, mama yake Kadidja, aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni, alicheka mpaka akashika kiuno.

"We Kasilda! Maji ya bahari utayatoa wapi hapa Muyinga?"

"Si mtoto wako anasema shuleni kwao wataletewa? Mi nawaza tu. Kama iko na chumvi tayari, si tungeacha kununua chumvi?"

"Labda. Ungebaki na kazi ya kutia mawese tu."

Foleni nzima ikaangua kicheko. Hakuna hata mmoja pale bombani aliyewahi kuiona bahari, kwa hiyo hakuna aliyejibu ndiyo wala hapana. Kadidja, aliyekuwa na umri wa miaka kumi na miwili, alijitwika maji yake akaenda nyumbani akitabasamu. Maneno yale yalimkaa kichwani. Kuanzia siku hiyo, kila alipoisikia bahari ikitajwa, aliona sufuria kubwa ya maharage yaliyokolea vizuri.

Kadidja aliishi na mama yake peke yao, tangu baba yake alipofariki. Mama Kadidja alishona nguo kwenye baraza ya nyumba yao, na sauti ya cherehani yake ilisikika tangu asubuhi mpaka adhana ya magharibi. Kadidja alifagia uwanja, aliosha vyombo, na jioni alipika. Kati ya kazi zote, moja ilimpa fahari: kutia chumvi. Mama yake hakuwa akionja tena. "Mkono wako wa chumvi ni mzuri kuliko wangu," alizoea kumwambia, na Kadidja alijisikia mtu mzima.

Huko shuleni, mwalimu wao wa sayansi, Mwalimu Eliud, alikuwa amewafundisha jambo la ajabu. Alichora dunia ubaoni, na juu yake akachora kitu kama sanduku lenye mabawa.

"Hii ni setilaiti," alisema. "Inazunguka huko juu, inapima chumvi iliyo kwenye uso wa bahari."

"Inashuka kuonja, Mwalimu?" Shafii aliuliza. Shafii alikuwa mtoto wa Hamadi mwenye duka la jumla, na hakuacha nafasi ya kuchekesha impite.

"Haishuki, bwana mdogo. Inasikiliza. Maji ya bahari yanatoa mawimbi ya redio, madogo sana, masikio yetu hayawezi kuyapata. Chumvi ikizidi, mawimbi yanabadilika kidogo. Ikipungua kwa sababu ya mvua au mto unaoingia baharini, yanabadilika tena. Setilaiti inakamata tofauti hiyo, na watu wanachora ramani."

"Na ikikosea?" aliuliza Happy, msichana aliyekaa dawati moja na Kadidja.

Mwalimu Eliud aliweka chaki chini. Alionekana kufurahi. "Hilo ndilo swali. Upepo na mawimbi makubwa ya maji vinaweza kuisumbua, hata redio za nchi kavu. Kwa hiyo kuna watu wanaoingia baharini kwa meli, wanachota maji na kuyapima. Kuna na maboya yanayoelea yenyewe na kupima. Kisha yanalinganishwa: huku juu imesema nini, huku chini imepatikana nini. Hapo ndipo setilaiti inasahihishwa."

Shule yao ilikuwa imealikwa kwenye maonyesho ya sayansi mjini Gitega. Mwalimu Eliud akataka wanafunzi wake waonyeshe jambo hilohilo. Walichora ramani kubwa ya bahari kwa rangi, wakiiga ramani ya setilaiti. Pale penye maji kati ya Unguja na Pemba, ramani ilisema kwamba katika kila lita ya maji kuna gramu thelathini na tano za chumvi, au karibu na hapo. Kilichobaki ni kupata maji yenyewe ya mahali pale.

Maji hayo yaliletwa na Nazario, baba yake Happy.

Nazario alikulia Tanzania, kwenye kambi ya wakimbizi, akarudi Burundi na familia yake akiwa mtu mzima. Alikuwa dereva wa lori, akichukua mizigo ya wafanyabiashara wa Muyinga kutoka bandari ya Dar es Salaam na kuipitisha mpakani Kobero. Alipoingia darasani na chupa mkononi, wanafunzi walisimama wote.

"Mwalimu, agizo lako limetimia," alisema kwa Kiswahili chake cha Tanzania. "Mzigo ulichelewa bandarini, nikapanda meli ndogo ya shehena iendayo Pemba. Nilipofika katikati ya Unguja na Pemba nikashusha ndoo kwa kamba. Chupa nimeisuuza kwa maji yaleyale kwanza, kama ulivyoniambia, ndipo nikaijaza. Ila niwaambie ukweli, watoto wangu: mimi naendesha lori milima yote hii, lakini ile meli ilinishinda. Nilitapika mpaka mabaharia wakanionea huruma!"

Darasa zima lilicheka, na Happy akajificha uso kwa aibu na furaha.

Kufuli ya darasa lao ilikuwa imeharibika. Kwa kuwa Kadidja alikuwa mkuu wa kikundi cha maonyesho, Mwalimu Eliud alimkabidhi yeye ile chupa mpaka siku ya safari.

"Iweke kabatini, mbali na jua. Na usiifungue hata kidogo. Ikikaa wazi maji yatakauka na chumvi itaonekana imezidi. Umenisikia?"

"Nimesikia, Mwalimu."

Kweli alisikia. Lakini alipofika nyumbani, wasichana wa mtaa walikuwa wakiruka kamba uwanjani. Walimzunguka.

"Kadidja, tuonyeshe bahari yako!"

"Haina hata rangi! Mi nilifikiri ni ya bluu."

"Fungua tunuse, basi. Kunusa tu!"

Kadidja alitazama barazani. Mama yake alikuwa ameenda kupeleka nguo kwa mteja. Akafungua kizibo.

"Yoo! Inanuka samaki wa ndagala!" walipiga kelele wakicheka, na yeye akacheka nao. Kisha zamu yake ya kamba ikafika. Akaegesha kizibo juu ya chupa bila kukikaza, akaiweka chupa kwenye ngazi ya mlango, akaenda kuruka.

Alipogeuka, mbuzi mdogo wa Kasilda alikuwa amepanda ngazi. Chupa ilikuwa imelala ubavu, kizibo kimebingirika mpaka chini ya mti wa mpapai. Udongo mwekundu ulikuwa umeyanywa maji yote, na mbuzi alikuwa akiulamba kwa ulimi wa haraka, kana kwamba hajala siku nyingi.

Mmoja mmoja, wasichana wakarudi kwao. Hakuna aliyetaka kuwa pale Mama Kadidja atakaporudi.

Kadidja aliiokota chupa. Haikubaki hata tone. Akaingia jikoni, akaijaza maji ya bomba, akachukua kopo la chumvi. Alitia kidogo, akatikisa, akaonja. Akatia tena. Ulimi wake ulijua kazi. Maji yalipofikia ladha ya maharage yaliyokolea, kama anavyopenda mama yake, aliacha. Akaifuta chupa, akakaza kizibo kwa nguvu zote, akaiweka kabatini.

"Chumvi ni chumvi," alijiambia. Hata hivyo usiku ule hakumaliza chakula chake.

Jumamosi walisafiri kwenda Gitega, wakipita Karuzi, wakiimba njia nzima. Kadidja alipakata chupa magotini bila kuimba. Happy alimgusa bega.

"Unaumwa?"

"Hapana. Kichwa tu."

Ukumbini kulikuwa na watoto kutoka shule nyingi, wengine wamekuja kwa miguu kutoka mitaa ya karibu, wengine kwa gari kutoka Giheta. Walipofika mbele ya ramani ya shule ya Muyinga walisimama na kushangaa. Happy alieleza habari za setilaiti bila kugugumia hata mara moja. Kisha akaja Mama Ursula, mwalimu wa sekondari mwenye miwani, akiwa na kifaa kidogo cha kupimia chumvi. Alieleza kwamba kifaa hicho kinapitisha umeme mdogo ndani ya maji. Kadiri chumvi ilivyo nyingi, ndivyo umeme unavyopita kwa urahisi.

"Setilaiti imesema thelathini na tano," alisema Mama Ursula, akimimina maji kwenye bilauri. "Tuone chupa inasema nini."

Alitumbukiza kifaa. Akakitoa, akakifuta, akakitumbukiza tena. Watu wakasogea.

"Kumi na moja," alisema.

Kadidja aliikazia macho bilauri. Alikuwa amefikiri chumvi ya maharage ndiyo chumvi ya bahari. Kumbe bahari ina chumvi mara tatu ya ile, chumvi ambayo mtu hawezi hata kuimeza!

"Ama setilaiti imekosea sana," alisema Mama Ursula taratibu, "ama maji haya hayakutoka hapo mlipoonyesha. Nani aliyeyachota?"

"Mzazi mmoja, dereva," alijibu Mwalimu Eliud. Uso wake ulikuwa umekunjamana. "Ni mtu mwaminifu."

"Labda alichotea mdomoni mwa mto, ambako maji ya bahari yamechanganyika na ya mto. Watu huchoka njiani."

"Au alichotea bombani Kobero!" Shafii alidakia. "Eti nilitapika! Alitapikia wapi, kwenye lori?"

Watoto wengine wakacheka. Happy alimgeukia. "Baba yangu hasemi uongo!"

"Basi atuambie ile kumi na moja imetoka wapi."

Kadidja alifungua mdomo. Macho ya Mama Ursula yalikuwa pale, na ya Mwalimu Eliud, na ya shule zote zile. Akaufunga. Akainama kukunja ramani, huku Happy akilia nyuma yake.

Kama jambo hilo lingeishia Gitega, labda Kadidja angelisahau. Lakini Shafii alilifikisha nyumbani kwao, na kutoka dukani kwa baba yake likaingia sokoni. Watu walilifanya mzaha mwanzoni. Nazario akipita, mtu anamwita: "Baba Happy, tuletee bahari ya bomba!" Wengine wakasema maneno mabaya zaidi, kwamba hawa waliotoka Tanzania hujui wanakuficha nini. Kisha mzaha ukaacha kuwa mzaha. Hamadi, ambaye Nazario alimbebea mizigo miaka yote, alitoa mzigo wake uliokuwa ukingoja bandarini akampa dereva mwingine.

"Kama mtu anaghushi maji ya watoto," alisema Hamadi mbele ya wateja, "mi nitajuaje mafuta yangu yako salama?"

Lori la Nazario likakaa bila kazi mbele ya nyumba yake. Happy akahama dawati, akaenda kukaa peke yake nyuma. Hakumlaumu Kadidja, hakuwa na sababu. Alitaka tu asiulizwe na mtu. Siku moja Kadidja alimfuata wakati wa mapumziko.

"Happy, pole."

"We huna kosa," Happy alisema. "We ulitunza chupa vizuri. Mi nilimuuliza baba, akaapa kwa Mungu. Lakini hata mama sasa anamuuliza."

Maneno hayo, *we ulitunza chupa vizuri*, yalimchoma Kadidja kuliko fimbo. Jioni, alipotia maji mdomoni kwa ajili ya udhu, aliona kama yana chumvi. Alisimama kwenye mswala nyuma ya mama yake, na midomo yake ikasoma, lakini moyo wake ulikuwa kwenye lori lile lililosimama.

Mama Kadidja hakuwa mtu wa maneno mengi, ila jicho lake halikupitwa na kitu. Aliona mtoto hali chakula. Aliona maharage ya Jumatatu hayana chumvi kabisa, na ya Jumanne vilevile. Aliona na jambo lingine. Jumatano baada ya sala ya alasiri, Kasilda alikuja kumchukua mbuzi wake.

"Huyu amekuwa kichaa," Kasilda alisema, akimvuta kwa kamba. "Wiki ya pili sasa, nikimfungua tu, yuko hapa kwenye ngazi yenu. Analamba udongo! Kwangu kuna majani, hataki. Mama Kadidja, mmemwaga nini hapa?"

"Sijamwaga kitu," Mama Kadidja alijibu.

Kasilda alipoondoka, mama alisimamisha cherehani. Alishuka ngazi, akachutama, akachukua punje ya udongo kwa ncha ya kidole, akaigusisha ulimini. Kisha akaita bila kupandisha sauti.

"Kadidja. Njoo ukae hapa."

Kadidja alikaa kwenye ngazi.

"Mbuzi wa Kasilda anatafuta nini mlangoni kwetu?"

Kadidja alitazama vidole vya miguu yake. Halafu machozi yakaja yote kwa pamoja, na maneno yakaja nayo: kizibo, kamba, kopo la chumvi, Gitega, kumi na moja. Mama yake alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Nilikuwa naogopa utanipiga," Kadidja alisema kwa kwikwi.

"Ningekugombeza, ndiyo. Ungelia, tungenyamaza, yangekwisha siku ileile." Mama Kadidja alishusha pumzi. "Sasa mwanaume wa watu amekosa kazi na mkewe hamwamini, ili wewe usigombezwe. Uliona hiyo ni sawa mbele ya Mungu?"

"Hapana, Mama."

"Kila siku ulisimama nyuma yangu kuswali na jambo hili tumboni?"

Mama yake alimfuta machozi kwa pindo la kanga, lakini si kwa upole sana.

"Vaa viatu. Tunaanzia kwa Hamadi."

Ilikuwa njia fupi, lakini Kadidja alikuwa hajawahi kutembea njia ndefu kama ile. Dukani kwa Hamadi kulikuwa na wateja. Mama yake alisimama pembeni, akamwacha aseme mwenyewe, mbele ya hao hao waliosikia Nazario akisemwa. Hamadi aliacha kupima sukari. Shafii, aliyekuwa nyuma ya kaunta, alijifanya anapanga sabuni.

"Ya Rabi," Hamadi alisema mwishowe. Akajifuta uso kwa kiganja. "Na mi nimemnyang'anya mtu mzigo kwa maneno ya watoto. Mama Kadidja, mzigo wa juma hili umeshaondoka. Unaofuata ni wa Nazario. Nitamwambia mwenyewe leo, na nitamwomba radhi."

Jioni ileile Mama Kadidja alimweleza Mwalimu Eliud, na kesho yake asubuhi mwalimu akamwomba Nazario aje shuleni. Nazario alikaa kwenye kiti cha mwalimu, kofia magotini. Mama Kadidja alisimama karibu na mlango. Ile chupa ilikuwa mezani, tupu, imeoshwa.

Kadidja alisimama mbele ya darasa na kusema yote kwa mara ya tatu. Hakuacha hata lile la kuonja maji kama maharage. Wachache walitaka kucheka, lakini waliona uso wa Happy wakajizuia. Kisha akapiga magoti mbele ya Nazario.

"Baba Happy, nisamehe. Nilikuona unatukanwa, nikanyamaza."

Nazario alimtazama muda mrefu. "Inuka, mtoto," alisema.

Mwalimu Eliud alisogea ubaoni, mahali alipokuwa amechora setilaiti siku ile. Mchoro ulikuwa umefutika nusu.

"Watoto, nimepata ujumbe wa simu kutoka kwa Mama Ursula," alisema. "Nilimwandikia jana usiku. Anasema alianza kutilia shaka ramani yetu, akafikiri labda tulinakili vibaya. Ramani ilikuwa sahihi. Nazario alikuwa sahihi. Kilichoharibika ni kitu kimoja kidogo jikoni, na kikawafanya watu waone kosa kwa kila mtu asiye na kosa. Wanaopima bahari wakimwaga maji, wanaandika: *yamemwagika*. Hakuna anayewacheka, wanachota tena. Lakini wakiweka namba ya uongo, setilaiti itasahihishwa kwa uongo huo, na ramani ya bahari nzima itapinda. Kadidja, kumwaga kunaweza kumpata yeyote. Ulipokosea ni ulipojaza."

Akaongeza, sasa akiwatazama wote: "Na sisi wengine tulikosea tulipoamini haraka. Mimi pia. Nilijua Nazario ni mwaminifu, nilisema hivyo mara moja tu, kisha nikanyamaza."

"Nani atatunza chupa tukipata maji mengine?" aliuliza Shafii kwa sauti ndogo.

"Happy," alisema Kadidja.

Happy hakumwangalia. Lakini alichukua daftari zake kule nyuma, akaja akaziweka kwenye dawati lao la zamani, upande wake, akakaa.

Nazario alisimama. Alivaa kofia, akainama kidogo kumsalimu Mama Kadidja, kisha akamgeukia Kadidja.

"Kweli uliweka chumvi ya maharage?"

"Ndiyo, Baba Happy."

Kona ya mdomo wake ilicheza. Alinyoosha mkono mezani, akachukua ile chupa tupu, akaipindua kuhakikisha ni kavu, akakikaza kizibo vizuri, akaitia ndani ya koti lake. Kisha akatoka, akielekea lilipokuwa lori lake.